Firigisi ya Mzee Nandwa

Asenath Muhonja alikuwa amepikia wageni wa watu kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna mgeni aliyewahi kunawa mikono, akatazama chakula, kisha akanawa tena bila kula. Hilo lilitokea mara moja tu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane mwaka wa tisini na tano, sebuleni kwa Shiundu, mtaani Umoja, jijini. Na aliyenawa hivyo hakuwa mtu wa kusukumwa kando. Alikuwa Mzee Nandwa, baba mkubwa wa kijana aliyetaka kumwoa Mourine, binti wa Shiundu. Alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Butere na wazee wenzake watano, suti ya kijivu imekunjika mgongoni, na tumbo tupu kwa makusudi.

Walipomfunulia bakuli lake, mzee alichukua kijiko akageuza paja. Akageuza kidari. Akageuza shingo, akachungulia chini ya mchuzi kama mtu aliyeangusha kifungo. Firigisi haikuwemo.

Kama wewe si mtu wa magharibi ya Kenya, kama hawa wa Butere, sikiliza, maana sitarudia. Kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, firigisi ni ya mkubwa wa wageni. Siku za kawaida ni ya mwenye nyumba. Ukimpa mtu kuku mzima na mabawa yake ukamnyima kile kipande kidogo, umemwambia mbele ya watu kwamba hana uzito wowote. Na mwanamke haigusi kwa meno hata siku moja. Asenath alikuwa na miaka arubaini na mitatu, angeweza kuiosha, kuimenya na kuikaanga akiwa amefumba macho, lakini ladha yake hakuijua.

"Asanteni," Mzee Nandwa alisema, akijifuta vidole. "Tumeshiba." Wazee wenzake wakaweka vijiko chini, hata yule aliyekuwa ameshauma. Mambo ya mahari hayakuguswa. Walisema wangerudi baada ya wiki tatu, wakijaliwa, na jinsi walivyosema wakijaliwa, mama yake Mourine alianza kulia kabla hawajafika getini.

Asubuhi yake, Jumapili, wanawake walikuwa mferejini wakipanga foleni ya maji, na Perez alikuwa katikati yao. Huyu Perez alikaa ploti moja na Asenath, mlango wa tatu, naye pia alikuwa mpishi wa sherehe, ila watu walimwita pale tu Asenath akiwa na kazi kwingine. Siku ile kwa Shiundu alikuwa amekuja kusaidia kupakua mezani. Sasa akaweka mtungi wake chini, akashika kiuno, akasema kwa sauti yake ile ya kwaya:

"Hiyo firigisi mnaitafuta ya nini? Asenath kaila! Mpishi gani anaonja mpaka anamaliza? Mtaolewa vipi, wasichana, kama vya wakwe vinaishia tumboni mwa mpishi?"

Waliosikia ni wanawake saba, pamoja na Fowsiya, mke wa Abdinoor, aliyekuwa akifungua duka lao mkabala na mfereji. Kufikia Jumatano walikuwa wamesikia watu wa Umoja nzima, na wengine walikuwa wameongeza mabawa.

Kazi zikaanza kumkimbia Asenath. Harusi ya kule Baba Dogo ikasema imepata mtu mwingine. Matanga ya fundi mmoja wa viatu wa Kariokor yakasema watapika wenyewe, na hao hawakuwa hata na jiko. Mwisho akaja Shiundu mwenyewe, kofia mkononi, akakataa kuketi.

"Mama Ryan, wale wazee wanarudi tarehe ishirini na sita," alimwambia Asenath, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mama Mourine anataka apike Perez."

"Na wewe unataka nini?"

Shiundu aliizungusha kofia. "Mimi nataka msichana aolewe. Jina lako likisafishwa mbele ya Mzee Nandwa, jiko ni lako. Lisiposafishwa, huyo mzee akikuona tu na mwiko atageuza gari."

Asenath alifunga mlango nyuma yake, akakaa juu ya kochi na hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka moto. Miaka kumi na minne! Alikuwa amepikia maaskofu. Alikuwa amepikia watu wanaokosana na bado wakala sahani moja. Jina ndilo lililokuwa sufuria yake kubwa kuliko zote, na sasa Perez ameipiga teke mbele ya mfereji.

"Nitamshtaki," alimwambia mumewe jioni ile.

Andati, mumewe, alikuwa mtu mpole, mrefu, anayefanya kazi katika kiwanda cha mabeseni ya plastiki Baba Dogo. Jumamosi zote alimsaidia mkewe kuinua masufuria na kubeba mahotipoti, maana jiko na sebule za watu mara nyingi haziko pamoja. Kwa Shiundu ilikuwa hivyo hivyo: Asenath alipika nyumba ya jirani, Andati akavusha mahotipoti hadi mlangoni, Perez akayapokea na kuyapeleka mezani. Andati aliposikia neno kushtaki, aliweka kikombe cha chai chini.

"Mama Ryan, si tumwachie Mungu?"

"Mungu ana mengi wiki hii. Mimi naenda kwa wakili."

Andati hakumaliza chai yake. Asenath aliona, akadhani ni uchungu wa mume kwa mkewe, na moyo wake ukalainika kidogo.

Wakili Mutisya alikuwa na ofisi juu ya duka la dawa, penye ngazi nyembamba na taipureta moja iliyokuwa ikilia kutwa. Alikuwa Mkamba mwembamba mwenye tai ndefu, na alimsikiliza Asenath kwa heshima kubwa mpaka akafika penye neno lenyewe. Hapo kalamu ikasimama.

"Firigisi ya nini, mama?"

"Ya kuku."

"Kuku mmoja?"

"Wakili, kuku ana firigisi ngapi?"

Mutisya alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Nisikilize vizuri. Sheria ya kashfa inauliza swali moja kwanza. Mtu wa kawaida, mwenye akili zake, akiyasikia maneno hayo, atakuona umeshuka hadhi? Mimi nimeyasikia sasa hivi, na bado nakuheshimu vilevile."

"Wewe si mtu wa kawaida," Asenath alisema. "Wewe ni Mkamba."

"Na hakimu akiwa Mkamba? Au ametoka Lamu? Tutamwambia nini?"

Asenath aliinuka, akashuka ngazi, akaenda zake. Mutisya akadhani amempoteza mteja. Kesho yake saa sita mchana mlango ukafunguliwa, na Asenath akaingia na hotipoti, sahani, ugali uliofungwa kwa kitambaa, na jagi la maji ya kunawa.

"Nini hiki?"

"Si ulisema mahakama inataka vielelezo? Nawa mikono."

Wakili alinawa. Asenath alimpakulia paja, akala. Akampakulia kidari, akala, na tai akaitupa begani. Msichana wa taipureta aliacha kupiga herufi. Mwisho kabisa, mchuzi ukiwa umebaki kidogo, Asenath alimwekea firigisi peke yake pembeni ya sahani. Mutisya akaitia mdomoni, akatafuna polepole, akafumba macho.

"Mh," alisema.

"Sasa fikiria umesafiri usiku kucha kutoka Butere. Umekula hivyo vyote vingine ukingojea hiyo. Halafu hiyo hakuna."

Mutisya aliitazama ile mifupa kwa muda. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyedhulumiwa. "Ningekasirika," alisema. "Ningekasirika sana."

"Basi andika."

Wakili akaandika, na alipokuwa akiandika akamfafanulia mambo yote. Alisema Perez amemkashifu kwa mdomo, si kwa maandishi. Kashfa ya mdomo, kwa kawaida, mahakama inakutaka uthibitishe hasara uliyopata. Lakini maneno yakimgusa mtu kwenye kazi yake, yakamfanya aonekane hafai kwa hiyo kazi, sheria haikusumbui na hasara.

"Na mpishi kuambiwa anakula chakula cha wageni," Mutisya alisema akilamba kidole, "hapo amekanyaga kazi yako kwa miguu miwili."

"Kwa hiyo tunamfunga?"

"Hafungwi mtu, mama. Hii si ya polisi. Kwanza tunamwandikia barua ya madai, ayafute maneno yake na akuombe radhi. Akikataa, tunafungua kesi, tunadai fidia, na hiyo ni lazima iwe kabla miezi kumi na miwili haijapita tangu aseme. Tena tunaweza kumwomba hakimu amzuie asiendelee kuyarudia."

"Perez azuiwe kusema? Hakimu ataleta jeshi?"

"Lakini kuna jambo moja," Mutisya alisema, na sauti yake ikashuka. "Kama alilolisema ni kweli, kesi imekufa. Ukweli ni kinga yake kamili, hata kama alisema kwa chuki. Kwa hiyo nakuuliza mbele ya mifupa hii. Uliila?"

"Sijaila tangu nizaliwe."

"Unajua aliyeila?"

"Si ni huyo huyo Perez! Yeye ndiye aliyepakua, na mimi—"

"Nyamaza!" Wakili aliruka akafunga dirisha. "Umemwona? Hujamwona. Ukisema hivyo nje ya mlango huu, wiki ijayo Perez atakuwa ameketi kwenye hicho kiti chako, na atakuwa na kesi nzuri kuliko yako."

Asenath alishuka ngazi ameuma ulimi kikweli. Kuhusu malipo walikubaliana kwamba atampikia mdogo wake Mutisya kwenye harusi ya Desemba, na wakili alisisitiza kuandika kwamba kuku wawe wa kienyeji.

Shahidi alikuwa Fowsiya. Alikubali mara moja, huku akipima sukari.

"Nilisikia, Mama Ryan, na nitasema mahakamani, wallahi. Alisema umeila. Lakini nieleze, hiyo firigisi ni kitu gani hasa? Kwetu kuku mwenyewe tunamwona ndege tu. Babu yangu angeulizwa kuhusu tumbo la ndege angedhani anatukanwa."

"Wewe sema ulichosikia. Usielezee."

Barua ikafika kwa Perez siku ya Ijumaa, bahasha ya kaki, imeletwa na karani mwenye baiskeli. Asenath alijibanza nyuma ya pazia lake kuangalia adui akianguka. Perez alisoma. Akasoma tena. Kisha akatoka nayo nje ameinyanyua juu.

"Njooni muone! Nimeandikiwa na wakili! Nani mwingine ploti hii ameandikiwa na wakili?"

Barua ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo aliipeleka nyumba kwa nyumba ili watu wenye shule wamsomee, na kila aliyesoma alilazimika kutamka kwa sauti kwamba Asenath amekula firigisi ya wakwe. Waliokuwa wamesahau wakakumbushwa. Waliokuwa safarini wakapashwa. Asenath alikimbia kwa Mutisya akihema, na Mutisya akasugua viganja kwa furaha.

"Vizuri sana! Anayarudia. Kila anaporudia, kesi inanona."

"Kesi inanona, mimi nakonda!"

Usiku ule Andati aliomba kabla ya kulala kwa muda mrefu mno. Aliwaombea adui, akaiombea mahakama, akaombea watu wote wenye udhaifu wa mwili. Asenath alisinzia hajafika amina.

Barua ilikuwa imempa Perez siku saba za kuomba radhi, mahali pale pale alipoyasema. Labda kuna mwenye shule aliyemnong'oneza kuhusu fidia, maana siku ya sita majigambo yalikwisha. Lakini alichagua saa yake. Alichagua saa nne asubuhi, siku ambayo maji yalikuwa yamekatika tangu jana, na wanawake wote wamekwenda zao wakaacha mitungi yao kwenye foleni iwashikie nafasi. Perez akasimama mbele ya mfereji mkavu, akatoa karatasi, akaiomba radhi mitungi ishirini na mmoja. Kisha akainama kidogo, akarudi kwake.

Fowsiya aliona kila kitu kutoka dukani. "Alizungumza vizuri," alimweleza Asenath. "Mitungi haikunung'unika."

Hapo Mutisya naye akachemka. Alipanda baiskeli ya karani, akaja mwenyewe na tai yake ikipepea, akamweka Perez kitako. Alimwambia kashfa huwa kashfa kwa sababu kuna watu walioisikia, na radhi ni hivyo hivyo: inataka masikio, si mitungi. Akampa njia mbili. Ama aombe radhi Jumamosi tarehe ishirini na sita, sebuleni kwa Shiundu, mbele ya Mzee Nandwa, kwa maneno yatakayoandikwa na wakili. Ama Jumatatu yake waonane kortini. Perez alinuna, akachagua sebule. Shiundu akasikia, akavaa kofia yake, akaja kumwambia Asenath jiko ni lake.

Asenath alicheka peke yake siku nzima. Alinoa visu. Alikwenda sokoni akachagua majogoo sita, akiyapuliza manyoya kuona mafuta, na muuzaji aliyetaka kumletea utani alitazamwa mara moja tu, akanyamaza.

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa nyumba ya jirani yake Shiundu, masufuria manne motoni, na firigisi sita zimeoshwa zikang'aa kwenye kibakuli, amezihesabu mara tatu. Andati alikuwa akichochea makaa.

"Baba Ryan, leo nitaziweka juu kabisa ya nyama, kila mtu azione. Na wewe utavusha hotipoti ya Mzee Nandwa kwanza."

"Sibebi," Andati alisema.

"Hubebi nini?"

"Hotipoti sibebi. Mwambie mtu mwingine."

Asenath aligeuka. Mumewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yote miwili katikati ya magoti, macho kwenye sakafu. Alikuwa ameishi na mwanamume huyu miaka ishirini na miwili, na hakuhitaji wakili wa kumtafsiria. Mwiko ukabaki hewani.

"La," alisema. "La, la, la. Baba Ryan. Niambie si wewe."

"Nilifunua tu ninuse," Andati alisema. "Pale kwenye kichochoro. Nilinusa, na mkono ukaenda wenyewe."

Matusi ya lugha mbili yalimjia Asenath mdomoni kwa pamoja, yakagongana mlangoni, na hakuna lililotoka. Wiki tatu! Wiki tatu amemwangalia akikimbia huku na huko, akipanda ngazi za wakili, akikaukiwa na kazi, na yeye anaombea watu wenye udhaifu wa mwili!

"Kwa nini?" alisema hatimaye.

Andati aliinua macho kutoka sakafuni. "Mama Ryan, kila Jumamosi unarudi nyumbani na harufu ya kuku za watu mikononi. Sisi tunakula sukuma wiki, kwa sababu umechoka, na mimi sisemi kitu, maana ni kweli umechoka. Lakini firigisi ya mwisho kuwekewa mbele yangu kama mwenye nyumba ilikuwa mwaka tuliooana. Uliikata vibaya, hata. Bado naikumbuka."

Asenath alitaka kumpiga na mwiko. Alitaka kweli. Lakini alitafuta katika kichwa chake siku nyingine, Krismasi yoyote, Pasaka yoyote, aliyompikia mumewe kuku mzima ndani ya nyumba yao, na hakuipata. Kila Krismasi alikuwa akiwapikia wengine. Macho yalimwasha, akasema ni moshi.

Sauti ya gari ilisikika nje. Wazee wa Butere walikuwa wamefika.

Basi fikiria alivyokuwa. Upande mmoja kuna jina lake, limeoshwa tayari, limebaki kuanikwa tu. Akinyamaza, Perez atasoma karatasi, Mzee Nandwa atakula, Mourine ataolewa, na kazi zitarudi. Hakuna anayejua ila yeye na mtu mmoja aliyeketi juu ya ndoo. Upande wa pili kuna Perez, ambaye hampendi hata kidogo, atasimama mbele ya wageni aitwe mwongo na mzushi, wakati ile firigisi kweli iliishia katika nyumba ya Asenath. Nani basi atakuwa amemkashifu nani?

Aliondoa aproni, akaenda sebuleni.

Walikuwa wamejaa: wazee sita kwenye makochi, Shiundu na kofia yake, Mourine amejifunika leso, Mutisya amekuja kuhakikisha kazi yake, na Perez amesimama katikati na karatasi mkononi.

"Mimi Perez," alikuwa akisoma, "kwa hiari yangu na bila kushurutishwa na mtu, nayafuta kabisa maneno ya kashfa niliyoyatamka dhidi ya—"

"Perez, keti," Asenath alisema.

Mutisya aliinuka nusu. "Mama, usiseme kitu!"

"Nitasema, wakili. Mzee Nandwa, firigisi yako sikuila mimi. Meno yangu hayaijui. Lakini Perez naye hakuila, ingawa moyoni nilikuwa nimeshamhukumu. Iliishia kwangu. Aliyeila ni mume wangu, akiwa njiani na hotipoti, na mimi nimejua leo, muda huu. Kwa hiyo huyu mama asiombe radhi kana kwamba alizua yote hewani. Kama jina langu limekwisha, basi limekwisha."

Mutisya alijifunika uso kwa karatasi zake. Mama yake Mourine alianza kulia tena, maana alikuwa na mazoea. Mara mlango ukafunguliwa, na Andati mwenyewe akaingia ameinamisha kichwa ili asigonge juu, akaenda akasimama mbele ya Mzee Nandwa kama mtoto wa shule.

Mzee alimwangalia kutoka viatuni hadi kichwani.

"Wewe ndiye?"

"Mimi, mzee."

"Uliila ikiwa moto au imepoa?"

"Moto, mzee. Iliniunguza."

Mzee Nandwa aliinama mbele. "Ilikuwa tamu?"

Andati alijitahidi. Kila mtu aliona anavyojitahidi. "Sana, mzee," alisema.

Mzee akaanza kutikisika mabega, na kila mtu akadhani ni hasira, kumbe ni kicheko kinachopanda ngazi. Kilipofika juu, wazee wote sita walikuwa wakipiga mapaja yao. "Basi mpishi ana kosa gani?" alisema akijifuta machozi. "Kosa lake ni kupika mpaka mtu mzima anageuka mwizi! Huyu atanilipa jogoo mmoja, na leo atakaa mbali na chakula changu. Leteni hicho kilichopikwa, nimekuwa na njaa wiki tatu."

Walikula mpaka wakafungua vifungo. Mambo ya mahari yalizungumzwa hadi saa kumi. Mutisya alipata mapaja mawili, na alipokuwa akiondoka alimvuta Asenath pembeni.

"Umeua kesi yako mwenyewe," alisema kwa uchungu. "Lakini kitaalamu, yeye alisema umeila wewe, na wewe hukuila. Bado ni uongo. Bado tunayo miezi kumi na moja."

"Nenda nyumbani, wakili. Tutaonana Desemba."

Perez hakuomba radhi, na hakuombwa. Alikunja ile karatasi akaitia kwenye sidiria, na hata leo ukimtembelea atakuonyesha barua ya wakili, imewekwa kwenye fremu.

Jumapili yake, baada ya kanisa, Asenath alikataa kazi ya kupika. Ilikuwa mara ya kwanza. Alinunua jogoo wawili, mmoja Andati akampeleka kwa Shiundu aende Butere na wazee, wa pili Asenath akamchinja. Alimpika taratibu, hana mtu wa kumharakisha. Alipomwekea mumewe sahani, firigisi ilikuwa juu, peke yake, imekatwa vizuri safari hii.

Andati aliitazama kwa muda. Kisha alichukua kisu, akaigawa katikati, akasukuma nusu upande wa mkewe.

"Baba Ryan, acha utani. Mama yangu angefufuka."

"Umenibebea aibu yangu wiki tatu," Andati alisema. "Kula."

Asenath aliangalia mlango. Ulikuwa umefungwa. Aliangalia dirisha, akalivuta pazia. Kisha akaitia mdomoni, akatafuna, akatafuna tena, uso umekunjwa kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Ni hii?" alisema. "Hii ndiyo niliyoiandikia barua ya wakili?"

"Ndiyo hiyo."

"Mh," alisema Asenath, na akaendelea kutafuna.

Nje Perez alikuwa akipita na mtungi wake. Akasimama dirishani, akavuta pua. "Mama Ryan!" aliita kwa sauti ya kwaya, ploti nzima isikie. "Nasikia harufu ya kuku! Leo firigisi kala nani?"

Asenath alifungua mdomo kumjibu ipasavyo, akakumbuka maneno ya Mutisya mbele ya ile mifupa, kwamba ukweli ni kinga kamili, akaufunga. Kuanzia siku hiyo Perez angeweza kusimama mferejini na kusema Asenath amekula firigisi, na hakuna mahakama Kenya nzima ambayo ingemgusa. Alimeza, akajifuta vidole, akamwomba mumewe amsogezee mchuzi.